Nilimtoa Marehemu Kwenye Skrini

Kuna watu Kasese, huku magharibi mwa Uganda, ambao mpaka leo wakinikuta karibu na stendi ya teksi wananionyesha kwa kidevu: huyo ndiye aliyemtoa marehemu kwenye kompyuta. Siwakatazi. Nilimtoa kweli, mchana, mbele ya watu, na ikibidi nitamtoa tena kesho. Ninachokataa ni kile wanachoongeza wao, kwamba nilifanya hivyo kwa sababu Nairobi ilinifundisha dharau. Nairobi ilinifundisha kompyuta. Dharau sikupata nafasi ya kuisoma.

Nilikwenda Nairobi bila mwenyeji. Nilianza kama mlinzi wa duka la kompyuta, nikawa mbeba maboksi wa duka lilelile, nikawa mtu wa kufungua na kufunga skrubu, na jioni wenzangu walipokwenda kulala mimi nilikwenda darasani. Diploma yangu haikuletwa na mjomba wala na parokia. Niliporudi nyumbani niliitia kwenye fremu nikaitundika katika kibanda changu cha ufundi, juu kidogo ya kichwa changu, ili mteja akinitazama aione na yenyewe. Watu walicheka. Waliocheka walileta mashine zao vilevile.

Kazi yangu kubwa ya miaka hiyo, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, ilikuwa ghala moja la kahawa kule Bwera. Wakulima walileta magunia, mizani ilisoma uzito langoni, na makarani waliandika kila kitu kwenye terminali, yaani kompyuta kuukuu ambazo zilionyesha tu maandishi yaliyotoka kwa seva moja iliyokaa chumba cha nyuma. Mwenye ghala, mzee wa watu, ndiye aliyenipa funguo za chumba hicho. Alipofariki, mjane wake akashika ghala na mimi nikabaki na funguo. Mdogo wa marehemu hakufurahia hata moja kati ya mambo hayo mawili.

Programu tulizokuwa tukitumia zilikuwa zimeachwa na waliozitengeneza, kwa hiyo mwisho wa wiki moja nilifunga mlango nikaweka toleo jipya kwenye mashine zote. Nilijaribu kila terminali kabla sijaondoka. Maandishi yalikimbia. Nikapanda teksi kurudi Kasese nikipiga mluzi.

Siku chache baadaye karani mkuu akanipigia simu. Alikuwa mama mmoja mcha Mungu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

“Fundi, ulitufanya nini? Hii skrini inaandika kama mtu anaandika na mguu.”

Nilipofika, foleni ya wakulima ilikuwa imetoka nje ya lango mpaka barabarani. Dirisha la malipo lilikuwa na karani aliyekuwa amekunja mikono, anangoja. Alikuwa amebonyeza kitufe, na kwenye skrini mistari ilikuwa inashuka mmoja mmoja, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye homa.

“Eh, diploma amekuja,” mkulima mmoja akasema. “Muulize kama kompyuta iko inasali.”

“Wacha isali,” mwenzake akajibu. “Mzee amekufa juzi. Na yenyewe iko kwa matanga.”

Walicheka kweli. Chini ya maandishi hayo yanayojikokota alikuwapo mzee mwenyewe, amevaa kofia yake, ananitazama. Toleo jipya lilikuwa na uwezo ambao la zamani halikuwa nao: dirisha la maandishi liliweza kufanywa kama kioo, picha ikaonekana nyuma ya herufi. Karani mkuu aliligundua hilo mwenyewe, akachukua ile picha iliyotangulia mbele ya jeneza, akaiweka kwenye skrini za ofisi. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na asubuhi kila aliyeketi mbele ya mashine alimsalimu mzee kwanza, ndipo akashika kibodi. Mimi nami nilimsalimu. Alikuwa mwajiri wangu.

Mjane aliniita pembeni. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

“Ijumaa ni siku ya soko,” alisema. “Nikiwaambia watu hawa wasubiri tena juani, wanavuka barabara wanampelekea jirani. Shemeji amemwita injinia kutoka Kampala. Mimi sijui kompyuta, mwanangu. Ijumaa asubuhi skrini zisipokwenda, nitampa yeye funguo.”

“Zitakwenda, mama.”

“Usiniambie mimi. Ziambie hizo.”

Injinia alifika akiwa na digrii, viatu safi, na Kiswahili alichookota kambini kwa baba yake askari. Alitazama dari, akatazama waya, akatoa hukumu kabla hajaketi. Waya mbovu, mashine nzee, vyote vinunuliwe upya. Ushahidi wake ulikuwa terminali ya mizani. Hiyo peke yake ilikuwa inakwenda kasi, na ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na seva.

“Mnaona? Karibu, haraka. Mbali, polepole. Ni waya,” alisema. Kisha akanigeukia. “Wewe, diploma! Leta ngazi! Upesi!”

“Ngazi iko kwa mlinzi,” nikamwambia. “Diploma ndiyo iko kwangu.”

Mdogo wa marehemu, ambaye ghalani wote tulimwita Shemeji kama mjane alivyomwita, alitikisa kichwa kama mtu aliyeona utovu wa adabu. Mimi niliketi nikafanya kazi.

Nilianza kwa kuiamuru seva itoe orodha ndefu ya mapokezi ya kahawa. Kwenye skrini ilijikokota. Nikarudia amri ileile, lakini safari hii nikaelekeza matokeo yaingie kwenye faili ndani ya terminali hiyohiyo, yasionyeshwe. Yaliisha kabla sijainua kidole. Basi seva haikuwa mgonjwa, na waya haukuwa mgonjwa, kwa sababu maneno yalikuwa yanafika. Kilichoshindwa kilikuwa mkono wa kuyachora kwenye kioo. Nilimweleza injinia hivyo kwa heshima zangu zote, naye akasema bahati hiyo.

Sipendi kuitwa mtu wa bahati. Nilikwenda kwenye mizani nikamwomba karani wa pale, Mkongomani wa kutoka Butembo, anipe mashine yake kwa muda. Niliibeba mwenyewe hadi dirisha la malipo, nikaichomeka kwenye waya uleule uliohukumiwa na Kampala. Ikakimbia. Makarani waliacha kazi wakaja kutazama. Injinia alipanda ngazi yake na kujifanya anatafuta kitu darini.

Nilipoirudisha ile mashine langoni nilisimama kidogo nikiitazama. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, basi.

“Wewe mbona huna mzee?” nilimuuliza karani.

“Mimi niko mukatoliki, fundi. Muzee namuombea ku misa.” Aligonga mizani kwa kiganja. “Hapa napima kahawa ya batu. Nitapima namna gani na patron ananiangalia mu macho?”

Nilirudi ofisini, nikafungua mashine ya karani mkuu kwa jina jipya la mtumiaji, lisilo na mpangilio wowote wa mtu. Maandishi yakaruka. Nikaingia kwa jina lake yeye. Yakalala. Nikatazama ni kazi gani inayoimaliza nguvu ya kompyuta, nikaikuta: ni kule kuchora picha na kioo chake. Toleo jipya halikuitambua tena kadi ya picha ya mashine hizo kuukuu, kwa hiyo mzigo wote wa kuchora uliangukia kichwa cha kompyuta chenyewe. Kwa maandishi matupu kilitosha kabisa. Lakini kila herufi iliyotokea iliilazimu mashine kuuchora upya uso wa mzee nyuma yake, na kofia, na tai.

Nilijaribu kumpunguza ukubwa. Ilisaidia kidogo sana. Nilitafuta programu ya kuiendesha ile kadi, na watengenezaji walikuwa hawaitoi tena. Alhamisi mchana nikasimama katikati ya ofisi nikasema kwa sauti ya kusikika:

“Mzee inabidi atoke kwenye skrini.”

Karani mkuu alishika kifua. Shemeji aliinuka kitini.

“Rudia.”

“Picha ndiyo inayochelewesha.”

“Ndugu yangu ndiye anachelewesha watu? Ndugu yangu aliyejenga hili ghala?”

“Picha yake.”

“Haijawahi kusikika. Matanga bado, wewe unamfukuza mtu nyumbani kwake.”

“Naweza kumweka chini ya dirisha, nyuma kabisa. Atakuwemo ndani, ila hataonekana kazi ikiwa inaendelea.”

“Unataka kumfunika!” alipiga kelele. “Umesikia, Mama? Sasa anataka kumfunika!”

Hapo injinia alishuka kwenye ngazi akasema kwa upole wa uongo kwamba kijana hajui, waya ndio tatizo, na kwamba kumgusa marehemu hakuna haja. Nilimwona mjane ananitazama. Wakati huo ningeweza kunyamaza. Ningeomba siku mbili zaidi, ningekubali waya, ningegawana kazi na mwenye digrii. Mtu mwenye busara angefanya hivyo. Mimi niliketi mbele ya mashine ya dirisha la malipo, mbele ya macho yote hayo, nikamtoa mzee.

Nikamwita mkulima wa kwanza kwenye foleni. Gunia lake liliandikwa papo hapo. Nikamrudisha mzee: foleni ikasimama. Nikamtoa: ikaenda. Nikamrudisha tena, na safari hii mkulima mwenyewe akapiga kelele dirishani, “Aa, wacha kuchezea muzee! Mutoe moja kwa moja, niende nyumbani!”

Mjane alinyoosha mkono foleni ikatulia.

“Nimeona,” alisema. “Kesho soko lifanyike hivyo, bila picha. Lakini hili si langu peke yangu. Jumapili ukoo unakutana Kitswamba. Utakuja uwaeleze wewe mwenyewe. Wakikubali, funguo zako. Wakikataa, mwanangu, siwezi kugombana na ukoo kwa ajili ya kompyuta.” Akanyoosha kiganja, nikampa funguo.

Ijumaa foleni ilikwisha kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyenisifu. Nilijisifu mwenyewe, kazi ilihitaji kufanywa na mtu.

Jumapili, kabla hatujaingia uani Kitswamba, Shemeji alinivuta mkono. Hakuwa na hasira siku hiyo, alikuwa na ushauri.

“Sema tu pole. Sema ulikosea, ulikuwa na haraka. Yaishe.”

“Nikisema nilikosea, Jumatatu mtairudisha picha.”

“Na usiposema, Jumatatu hutakuwepo.”

“Basi nisiwepo.”

Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki na mikeka, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa tai. Niliwaambia kwamba mimi ndiye fundi, na kwamba sikuja kuomba msamaha, nilikuja kueleza. Manung'uniko yakaanza. Nikaendelea. Niliwaambia mashine zile ni za zamani, na kila herufi inapoandikwa, kabla ya herufi kutokea, mashine inauchora upya uso wote wa mzee. Mkulima akitaja jina lake, mzee anachorwa. Gunia likipimwa, mzee anachorwa.

Dada mkubwa wa marehemu, bibi aliyekuwa ameketi mkekani miguu amenyoosha, aliinua mkono.

“Ngoja. Unasema walikuwa wanamchora kaka yangu kila mara?”

“Kila herufi, mama.”

“Kutwa nzima?”

“Kutwa nzima. Siku ya soko ndiyo usiseme.”

Alimgeukia karani mkuu, kisha Shemeji, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

“Kwa hiyo sisi huku tunamwombea apumzike, na ninyi kule mnamwamsha kwa kila gunia la kahawa?”

Karani mkuu alikuwa anaangalia vidole vyake.

“Mtu alifanya kazi maisha yake yote,” bibi akasema. “Amekufa, bado mnamfanyisha kazi.”

Sikumsahihisha. Kiufundi hakuwa amekosea sana.

“Lakini kijana hajaomba msamaha,” Shemeji alijaribu.

“Aombe wa nini? Huyu ndiye aliyemwachia alale. Ninyi ndio mtaomba, na si kwangu.” Akaniashiria kwa kichwa, akanishukuru kwa Kikonzo. “Wasingya, mwanangu. Keti ule.”

Mzee mmoja upande wa wanaume akaguna kukubali, na wa pili, na basi ikawa imepita. Mjane alifungua mkoba wake, akatoa funguo za chumba cha seva alizonichukua Alhamisi, akaziweka mezani mbele yangu, karibu na bakuli.

“Jumatatu uje mapema,” alisema.

Nilizitia mfukoni. Bundu, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa bado inatoa mvuke, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa mbali, mbele ya Shemeji. Nilifungua kifungo cha koti, nikanawa, nikamwomba anisogezee.