Kumfuata Shangazi na Umeme Wake wa Jua

Mwaka ule wa mgao, maji ya mabwawa yalipopungua na umeme ukawa unatutembelea kama mkwe, mtaa wetu mzima wa Mtoni ulinuna. Mie muuza barafu ndiye niliyenuna zaidi. Ndipo ikaja habari kutoka Tegeta kwamba Shangazi Mwanaidi kashindwa. Alijenga nyumba yake mwenyewe baada ya kuachika, nguzo za umeme hazijafika huko, na ule mtambo wa jua aliotumiwa na mwanawe kutoka Maskati umekufa. Giza linamtisha. Baba, ambaye ni kaka yake, akasema, "Si nilimwambia? Kamlete, nyumba iuzwe." Nikatumwa mie, na moyo uliniuma.

Asubuhi nilipanda lori la kokoto la jirani yetu, likienda tupu kupakia Kunduchi, jirani na Tegeta. Nilikaa mbele na dereva, mtu wa Singida mwenye maneno mengi. Kila duka lilikuwa na jenereta barazani, na redio mpya za Dubai zimepangwa, pa kuchomeka hapana.

"Jua la kuanika muhogo tunalo mwaka mzima," dereva akasema, "lakini umeme tunasubiri mvua itunyeshee."

Nilicheka, ila maneno yale yalinikaa.

Tegeta nilifika adhuhuri. Shangazi alikuwa keshafunga mizigo, vyungu vimo guniani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizika ningali hai."

"Nipe maji ninywe kwanza, mazishi baadaye."

Tukaenda uani. Juu ya bati la banda la jiko ndipo fundi alipoufunga ule mtambo, na juu ya mtambo nikaona kitambaa changu: kile cheupe chenye mawaridi nilichomtarizia alipohamia, afunikie redio. Kimefungwa kamba pembe zote nne.

"Shangazi, kile kinafanya nini kule juu?"

"Mwanangu wa Maskati kanipa kitu cha thamani, nikiache uchi? Kunguru wakinyee, jua likiunguze?"

"Kabla hujakifunika kiliwaka?"

"Kiliwaka vizuri tu. Ndiyo maana nikakitunza."

Nilikaa juu ya kinu nikacheka mpaka machozi. Lakini nimcheke nani? Sie kwetu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji.

"Chakula chake ndilo hilo jua," nikamwambia. "Umemfunga mdomo."

Akanitazama. "Kwa kitambaa chako."

Tulikifungua, tukausafisha mtambo, tukaiacha betri ishibe. Kesho yake magharibi Shangazi alibonyeza swichi. Taa ikawaka, nyeupe, imetulia. Alitoa vyungu guniani kimoja kimoja, kisha akakaa chini ya taa akichambua mchele polepole, kama mtu asiye na safari. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema hatimaye.

Nilirudi peke yangu, na njia nzima niliwaza jinsi tulivyolikimbia jua maisha yetu yote tukitafuta kivuli, kumbe lilikuwa na kitu cha kutupatia. Mtoni nilikuta umeme umekatwa. Baba alikuwa barazani na kibatari.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Umemwacha gizani?"

"Walio gizani ni sie, Baba."

Baba akakisogeza kibatari kando. Kisha akauliza lile lori la kokoto huondoka saa ngapi.