Barua Iliyosahau Anwani

Ilianza Jumatatu, siku moja baada ya Nanenane, mwaka tisini na tisa, saa kumi kasoro dakika kumi jioni. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari langu, na niliandika kwa sababu nilikuwa nimetoka shule nimechoka na sikutaka kuongea na mtu. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele. Mbele yake alisimama mwenye nyumba, hataki kiti. Kwetu mtu akikataa kiti, hajaja kwa heri.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba. Unasoma?" Hakungoja jibu, akamgeukia mama mkubwa. "Basi ni hivyo, mama. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja nitapita. Nikikuta vyumba vina watu, endelea. Nikikuta vitupu, nageuza stoo ya mitumba. Marobota yangu hayawezi kulala nje."

Mama mkubwa ni dada yake mama. Nyumba ile aliipanga nzima, akafanya gesti ya vyumba sita, dakika tano kwa miguu kutoka kivuko cha Kamanga upande huu wa mjini. Zamani ilijaa maafisa wa pamba. Walikaa msimu mzima mpaka wakasahau kandambili zao chini ya vitanda. Halafu kila mwenye lori akaruhusiwa kununua pamba, maafisa wakapunguzwa kazini, na wenye malori wanalala kwenye malori yao. Mimi nilikaa kwake kwa ajili ya shule, maana kwetu ni ng'ambo, Sengerema ndani kabisa. Gesti ikifungwa, mama mkubwa anarudi Ukerewe kulima mihogo, na mimi navuka ziwa na begi langu, kidato cha tatu kikiwa katikati. Hatukulizungumza hilo. Tulikula wali, tukaosha vyombo.

Aliyetupa wazo ni mama mmoja mkaguzi wa samaki aliyelala kwetu usiku mmoja tu, kwa sababu hoteli zote mpya zilikuwa zimejaa. Wakati wa chai alisema, "Wazungu siku hizi wanatafuta pa kulala kwenye intaneti kabla hata hawajapanda ndege. Nanyi wekeni ukurasa wenu."

Mama mkubwa aliniangalia. Nilikuwa nimejifunza kupiga chapa likizo iliyopita, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa kila kitu chenye vitufe.

Nyuma ya soko kulikuwa na duka la kupiga chapa, na mwenye duka, ambaye wote tulimwita fundi, alikuwa ameongeza kompyuta mbili na waya wa simu. Alikubali kutuwekea ukurasa mmoja tukileta maneno yameandikwa tayari. Jioni ile mama mkubwa alichambua mchele, mimi nikashika kalamu.

"Andika. Kwako mgeni mpendwa, salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwako wewe uliye mbali, pamoja na familia yako, na mifugo."

"Mama mkubwa, hao ni wageni wa gesti."

"Kwa hiyo hawana ng'ombe?"

Nikaandika mifugo.

"Vyumba vyetu ni sita, visafi, kila kimoja kina chandarua. Maji ya moto asubuhi. Ukifika kivukoni uliza mtu yeyote, utaletwa mpaka mlangoni. Umemaliza? Soma."

Nilisoma. Akasema ni barua nzuri. Nikaitia katika Kiingereza kwa kamusi ya shule, ukurasa mzima ukanichukua siku mbili na kichwa kikaniuma.

Fundi aliichapa, kisha akajaza fomu za kuwajulisha wale aliowaita watafutaji. Alinieleza bila kugeuka, maana mimi nikitazamwa sielewi kitu. "Mtafutaji ni kama karani mwenye daftari la dunia nzima. Anapita kwenye kurasa za watu, anaandika maneno anayoyakuta. Mtu akimuuliza neno, anamtolea kurasa zenye neno hilo. Zaidi ya hapo hajui kitu."

"Kwetu atapita lini?"

"Wiki tatu, nne. Hana haraka huyo, hana bosi."

Basi kila Jumatano na kila Ijumaa, baada ya kufagia darasa, nilitembea mpaka nyuma ya soko na viatu vyangu vilivyokwisha visigino. Nilingoja foleni. Nilingoja umeme. Nilingoja simu ya fundi ilie kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio mpaka ishike. Kisha nikaandika kwa Kiingereza, nyumba ya wageni Mwanza, nikangoja tena, mstari mmoja mmoja ukishuka. Zilitoka hoteli mbili kubwa, misheni, watu wa safari za kuwinda, na ukurasa wa mtu aliyekuja kuhesabu ndege wa ziwani. Nikafungua orodha ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Sisi hatumo. Nyumbani mama mkubwa aliuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwezi wa tisa ukiwa katikati, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliandika kwa utani tu, salamu na mifugo. Tukatoka wa kwanza! Juu ya wafuga mbuzi wa Australia. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Karani alikuwa amepita kwetu zamani. Niliusoma ukurasa wetu kutoka juu hadi chini. Neno Mwanza halikuwemo. Ziwa halikuwemo. Wala Tanzania. Tulikuwa tumemwandikia mtu ambaye tayari amesimama kivukoni.

Fundi alichungulia begani kwangu, akapiga kofi pajani. "Dada mdogo, mmeficha mji mzima! Futa hizo salamu, anza na hoteli, hoteli, hoteli, mara hamsini, kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Mgeni haoni, mtafutaji anaona. Wenzenu wote ndivyo wanavyofanya."

Nilisema nitauliza nyumbani. Sikuuliza. Hapa naandika ukweli, daftari hili halina msomaji mwingine: nilinyamaza wiki tatu. Ningeanzaje kumwambia mama mkubwa kwamba salamu zake ndizo zinazotuficha? Na mkono ulioandika ulikuwa wangu, mimi niliyesoma jiografia. Nikawa narudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, napitia jikoni, nasema "bado" nikiwa nimeinama kwenye ndoo.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa Kiswahili, na hakujua. Siku anarudisha insha za barua, alichora ubaoni karatasi tupu, akagonga pembe ya juu kulia kwa chaki. "Nusu ya darasa hamna anwani! Mnatoka wapi nyinyi, mbinguni?"

Jioni nilipita mlango wa mbele.

"Mama mkubwa, ile barua yetu ya wageni haina anwani."

Ungo ukasimama. "Haina nini?"

"Anwani. Pale juu. Niliisahau."

"We mtoto! Miezi miwili mgeni anasalimiwa na hajui anasalimiwa kutoka wapi? Shule mnafundishwa nini, kuruka kamba?"

Nikamweleza na ushauri wa fundi wa maandishi meupe. Alinitazama kana kwamba nimeleta chura ndani. "Tuandike kitu mgeni asikione? Cha nini sasa? Lete kalamu. Salamu zinabaki. Andika juu yake. Nyumba ya kulala wageni, karibu na kivuko cha Kamanga, mjini Mwanza, Ziwa Victoria, Tanzania. Na anayetaka kwenda Bujora kuona makumbusho ya Wasukuma, tutamwelekeza gari."

"Hiyo ya Bujora si anwani."

"Andika."

Fundi aliiweka juu kabisa, kwa herufi nene. Kisha tukaanza kungoja upya, na kungoja kwa mara ya pili ni kubaya zaidi kwa sababu unajua urefu wake. Karani alipita baada ya wiki tano. Kwa nyumba ya wageni Mwanza tulikuwa wa tisa. Kwa Bujora, wa tatu.

Barua pepe ilikuja kwenye kompyuta ya fundi wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Fundi aliichapa kwenye karatasi, nikaitafsiri barazani. Walikuwa watu wanne wapenda ngoma, wako Nairobi tayari, wanataka kuiona Bujora. Wanaomba vyumba vitatu kuanzia Alhamisi, siku sita. Lakini walianza hivi: nasi hatujambo, asante kwa kuuliza. Ng'ombe hatuna. Tuna paka mmoja, ni mzee, amebaki kwa jirani.

"Umesikia?" alisema mama mkubwa. "Watu wana adabu."

Mwenye nyumba alikuja Jumanne, siku ya mwisho ya mwezi, kama alivyosema. Alifungua milango sita, akafunga milango sita. Mama mkubwa akampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Hapa imeandikwa Alhamisi. Leo Jumanne."

"Ndiyo, mzee."

"Na vyumba vitatu."

"Vitatu."

Akavuta kiti, akakaa, akaomba chai. "Basi vya nyuma vitatu ni vyako. Vya mbele vitatu vyangu, marobota yanaingia Alhamisi ya wiki ijayo. Mtoto amalizie shule yake."

Alipoondoka tulibaki tunatazama milango mitatu ya mbele. Nikasema, "Mama mkubwa, mimi nilijua mapema. Wiki tatu nzima nilijua kilichokosekana. Kama ningesema, labda wangekuja wengine."

"Ulianza kupitia jikoni," alisema. "Nikasema huyu ana jambo, ataniambia akichoka."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimechoka na mimi."

Asubuhi yake niliamka mapema, nikaloweka mashuka ya vyumba vya nyuma, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za fundi mpaka alipofungua. Nilimwambia abadilishe neno moja, sita iwe vitatu, asiguse salamu. Nilisimama pale nikahakikisha. Shuleni nilifika kipindi cha pili, nikaandikwa kwenye orodha ya wachelewaji.