Jambazi Anayesimama Kwenye Taa Nyekundu

Jirani yetu, msusi, anasema Jumanne saa nne asubuhi baba yangu aliiba gari la polisi, akagonga watu watatu, akakimbilia bandarini, kisha akaitisha chai.

Anasema aliona kwa macho yake mawili, kupitia dirisha letu, wakati anaanika taulo zake.

Na msusi akishaona kitu, basi tena. Mteja wa kusuka anakaa masaa matano kwenye kiti, hana pa kukimbilia. Kufika Alhamisi mtaa mzima ulishajua kwamba dereva wa basi la shule anafanya kazi na genge.

Jamani, hajadanganya. Kaacha neno moja tu.

Gemu.

Ngoja niwaeleze taratibu. Baba ameendesha basi la shule miaka kumi na tisa, hajawahi kukwangua hata kioo cha pembeni. Watoto wanamwita Babu Breki, kwa sababu akiona mbuzi kule mbali yeye huku ameshakanyaga.

Mwezi wa tatu akapatwa na kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi sawa ndani ya wiki, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukagoma. Na huo ndio mkono wa gia.

Shule ikamwambia apumzike, akipona kiti chake kipo. Kuanzia hapo baba akawa na swali moja tu: lini narudi kwenye usukani?

Hospitali walimpa mpira wa kuminya. Siku ya tatu nikauona mpira juu ya bati.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mipira," akasema.

Kaka yangu akaleta mashine yake ya gemu, akaichomeka kwenye tivii, akampa baba pedi, ile ya kushika mkononi. "Mzee, hapa kuna vitufe kumi na kitu. Kila kidole kitapata kazi."

Kwa hiyo mzee aliyekataa mpira akapewa ujambazi.

Mimi nafua na kupiga pasi nguo za watu. Meza ya pasi iko sebuleni, nyuma kidogo ya kiti cha baba, kwa hiyo gemu yote nimeiangalia nikiwa kazini.

Yenyewe iko hivi. Wewe ni kijana umeingia mji mkubwa, unatumikia tajiri mmoja wa magendo wanayemwita Bosi. Bosi anapiga simu, anakutuma: kachukue mzigo, kachome ghala, kamnyamazishe fulani. Ukimaliza anakupa kazi kubwa zaidi. Ila kama hutaki, hakuna anayekushika shati. Unachukua gari unazunguka mji unavyotaka.

Baba akachagua kuzunguka.

Nawaambia, sijawahi kuona jambazi wa namna ile. Gari anaiba, sawa, maana gemu haikupi njia nyingine. Lakini akishaingia anasubiri injini ipate moto. Anawasha indiketa. Taa nyekundu anasimama. Wenzake wakipiga honi nyuma anawaambia, "Mnawahi wapi nyie?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Na baba akawa na maoni. Kila shati moja nikilimaliza, nimeshasikia uchambuzi.

"Mwanangu, waliotengeneza hii wanajua barabara. Ona mvua ikinyesha, lami inateleza kweli. Ukikata kona na spidi, nyuma inayumba kama lori tupu. Hapo nawapa heko."

"Na ubovu wake?"

"Gari halili mafuta. Tangu Jumatatu naendesha, mshale haujashuka. Huo ni uongo wa mchana kweupe."

Polisi nao walimkera. "Ukigusa pipa la taka wanakuletea helikopta. Ukiiba benki, jifiche uchochoroni dakika moja tu, wameshasahau. Hawa ni polisi au kuku?"

Halafu Bosi. Alimtuma baba akamuue mhasibu mmoja, wakati mhasibu amekaa mezani anakula na wanawe. Baba akakata simu. Bosi akapiga tena. Baba akakata. Hadithi ikakwama hapo wiki nzima, maana mhasibu asipokufa husogei mbele.

"Mji mkubwa hivi, barabara zote hizi, halafu mlango wa kwenda mbele ni mmoja tu na una damu," akasema. "Hapo wamekosea."

Lakini kulikuwa na ubovu mmoja aliousema kila siku, bila kuchoka.

"Watu wanarukia barabarani. Hakuna mtu, hakuna mtu, mara huyu hapa chini ya tairi. Wameitengeneza vibaya."

Ijumaa akaja mwalimu mkuu. Umbea wa msusi ulishafika kwa wazazi, na wazazi walishamchosha kwa simu. Akasimama mlangoni na mkoba wake, anatazama tivii. Baba alikuwa kwenye taa nyekundu, nyuma yake foleni ya magari inalia honi.

"Dereva, nimeambiwa uko kwenye genge."

"Nimeacha, mwalimu. Bosi ana matusi."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho. Akamwomba ainue mkono. Baba akauinua, akakunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua. Mkono umepona, hakuna ubishi.

"Jumatatu uje kazini," akamwambia.

Nilipomsindikiza nje akanishika bega. "Binti, daktari ameuona mkono, na mimi nimeuona. Lakini wewe ndiye unayeshinda naye. Nipigie Jumapili uniambie kama kweli yuko sawa. Ukisema yuko sawa, nampa watoto wangu thelathini na wawili."

Nikaitikia huku natabasamu. Kwani ningesema nini kingine?

Jumamosi mchana baba akalala. Nguo za watu nimezimaliza, pasi nimeichomoa. Nikasema leo na mimi niwe jambazi.

Nikaenda barabara ileile anayoipenda, inayopita sokoni. Naendesha kama nasindikiza ng'ombe. Nikamwona yule mwanamke wa mwavuli mwekundu ambaye baba anamgonga kila siku.

Nilimwona tangu kwenye kona ya duka la dawa. Anakuja taratibu, anaangalia huku na huku, anashuka kwenye lami. Harukii. Ningeweza kuzihesabu hatua zake.

Nikasimama, akapita.

Nikarudia. Akaja vilevile, kwa mwendo uleule. Anatokea kushoto.

Nikaketi na pedi mapajani, nikaanza kuwakumbuka wote. Mzee wa baiskeli, kushoto. Askari wa trafiki, kushoto. Wale watatu wa msusi, wote kushoto. Upande wa kulia baba hajagonga hata paka.

Na mambo ya nyumbani yakaanza kunijia. Chai nikimwekea kushoto, ananiuliza leo hakuna chai. Sahani anakula nusu, nikiigeuza anasema kumbe kilibaki. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni uzee tu.

Alipoamka akarudi kwenye kiti chake, akawasha. Nikachukua shati jeupe, nikaenda kusimama kushoto kwake, hatua mbili tu kutoka begani. Nikalipunga juu, chini, juu.

Baba akawasha indiketa, akakata kona.

Nikazunguka nyuma ya kiti, nikatokea kulia. Nikapunga mara moja.

"Unapunga nini, unasafiri?"

"Baba, nimesimama upande ule dakika nzima napunga."

"Hukuwepo."

"Nilikuwepo."

Akageuza kichwa chote kushoto, polepole. Akaiona stuli. Chai ya asubuhi ilikuwa juu yake, imejaa, imeota utando.

"Ni gemu," akasema. "Imetengenezwa vibaya."

"Mlango wa basi uko upande gani, baba?"

Sote wawili tunajua. Watoto wanapanda kushoto, wanashukia kushoto.

Haya, funzo, maana najua mtaniuliza. Gemu ile si mbaya kama watu wanavyoisema, na baba hajajifunza ujambazi hata chembe. Ubovu wake ni kwamba ukigonga mtu, ukizungusha gari ukirudi, unamkuta anatembea na mwavuli wake kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana siku zote hizo sikushtuka. Na uzuri wake ni huohuo, kwa sababu macho ya baba yamepimwa kwa watu wasioumia. Wewe mwenye mzee nyumbani, ukimsikia analalamikia kitu kimoja kila siku, usicheke kama nilivyocheka mimi. Nenda kasimame upande ule anaoulalamikia, uangalie ukiwa pale.

Leo ni Jumapili, saa kumi. Simu ninayo mkononi, naandika haya badala ya kupiga. Baba amezima tivii. Amevaa sare yake ya kazi, eti anajaribu kama bado inamtosha. Inamtosha.

Amekuja kukaa karibu yangu.

"Mwanangu, mwalimu alikuja kwa ajili ya mkono," amesema. "Mwambie mkono umepona. Hapo hutakuwa umesema uongo."

Kisha, kwa sauti ya chini:

"Mwambie hivyo tu."