Bunduki Kwenye Friza la Sambusa

Fundi bunduki yule hakuniuliza jina. Aliniuliza bosi wangu yuko wapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yake, upande wa mashariki wa Johannesburg, bunduki yangu ndani ya mfuko wake na kibali chenye picha yangu mkononi, na yeye anachungulia nyuma ya bega langu kana kwamba mwenye mali atatokea akishamaliza kuegesha gari. Nikamwambia bunduki ni yangu. Akachukua kibali, akakisoma, akakigeuza, akanirudishia bila neno la radhi. Kisha akasema kazi ni nyingi, niilete msimu wa kuwinda ukiisha. Bunduki ya kuwindia itengenezwe msimu ukiisha! Hiyo ni futari inayoletwa baada ya Idi. Nilitoka mle masikio yakiwaka moto, nikaapa simrudii.

Haraka yangu ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mke wangu. Sisi ni watu wa Tanga. Mimi nauza mapazia Fordsburg, nyumba yetu iko mtaa wa Observatory, na kuwinda nilijifunza hukuhuku kutoka kwa wateja wangu wawili ambao kila baridi ikiingia hupanda kaskazini kwenye shamba la wanyamapori. Kibali nilikihangaikia hadi nikakaribia kukata tamaa. Nilipokipata, mke wangu aliikubali bunduki ndani ya nyumba kwa sharti moja: kila mnyama nitakayempiga nimfikie akiwa hai, nimchinje. Siku nitakayomwacha mnyama porini na risasi tumboni, bunduki itoke na isirudi. Nilimwambia wako masheikh wanaosema ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua inatosha. Akanijibu kwamba masheikh hao hawapiki jikoni kwake.

Mwaka 2017 nilimlenga tandala dume begani, risasi ikaenda tumboni. Tulifuata damu kwenye miiba mpaka giza likatuzuia, na asubuhi tukamkuta amekwisha kufa, amevimba, nzi wamemjaa machoni. Sikumficha mke wangu. Akauliza kosa ni la mkono au la bunduki. Nikasema la bunduki, na ilikuwa kweli. Akasema basi irekebishwe kabla ya safari ya mwaka unaofuata, kwa sababu mara ya pili hatauliza swali hilo.

Ubovu wenyewe si mgumu kuueleza. Bunduki ni chuma kilicholazwa ndani ya mti. Mti wa bunduki yangu ulikuwa wa zamani, umekula unyevu wa watu wengine kabla yangu, na chuma kilikuwa kinacheza ndani yake. Risasi ya kwanza ilikwenda unakotaka, ya tatu ikaenda inakotaka yenyewe. Dawa yake ni kuchonga mti kidogo, kumimina gundi ngumu ile ya chupa mbili inayochanganywa, kisha kukilaza chuma humo gundi ikiwa bado laini, ili ikikauka iwe imechukua umbo lake. Fundi hulipwa vizuri kwa kazi hiyo. Mimi nilitazama video, nikasoma, nikajiambia kwamba wanaume wenye akili timamu hufanya wenyewe barazani kwao.

Na nilikuwa na seremala wa bure. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hutengeneza makabati ya jikoni pale Yeoville, na mkono wake kwenye mbao hauna mfano. Hilo siwezi kumnyima. Alikuja Jumamosi moja ya Ramadhani ya 2018 na patasi zake zimefungwa kwenye kitambaa. Mimi kwanza nililichomoa komeo la bunduki, lile linaloingiza risasi, nikalifungia kwenye sefu mke wangu akiwa amesimama hapo anaona. Tukakaa uani. Yeye akachonga mti, mimi nikakipaka chuma dawa ya viatu isiyo na rangi, kila pembe, hata kwenye skrubu. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii: gundi ishike mti, isishike chuma. Adhana ya simu ikalia, nikaingia ndani kusali alasiri. Niliporudi nilichanganya gundi, nikamimina, tukakilaza chuma na kukaza skrubu. Hata futari niliila kwa furaha.

Siku ya pili tulikivuta chuma, kikakataa. Tukagonga kwa nyundo ya mpira, kikakataa. Nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ndipo shemeji yangu, kwa utulivu wa mtu anayeeleza bei ya bawaba, akanifungulia moyo.

"Eish, shemeji, jana ulipokwenda kusali nilikiona kile chuma kina mafutamafuta. Nikakifuta na thina ya rangi, sharp kabisa. Gundi haishiki uchafu."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Ametengeneza makabati mji mzima kwa kanuni hiyohiyo, safisha kwanza ndipo ugundishe, na hakuona haja ya kunisubiri dakika chache aniulize. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, lakini waambie hayo maseremala wa kwetu! Nilimpa maneno yake. Nilimwambia arudi kwao akachonge mwiko. Nilimwambia amekula kwangu tangu ashuke kwenye basi na hiki ndicho alichonilipa. Mengine sitayaandika. Na niliinyanyua ile bunduki kwa mikono miwili nikamsukumia kifuani ili aone alichofanya, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilikuwa namwonyesha. Narudia, nilikuwa namwonyesha tu. Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga wa sambusa.

Shemeji alikusanya patasi zake, akamuaga dada yake, mimi hakuniaga. Najua, hasira hasara. Kila mtu ananiambia hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona bunduki yake imegeuzwa kipande kimoja na mti wakati safari inangoja Idi tu ipite.

Nilisoma kwamba baridi kali hukifanya chuma kinywee kikaachana na gundi. Friza tulilokuwa nalo lilijaa sambusa za wateja wa mke wangu, biashara yake ya Ramadhani nzima. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilishangaa alipoanza kuzitoa yeye mwenyewe, trei kwa trei, akazipeleka kwa jirani, akaniachia friza tupu. Nikaiingiza bunduki kimshazari, nikalifunga friza kwa kufuli na ufunguo nikautia mfukoni. Moyoni nilisema, angalau mke wangu yuko upande wangu.

Bunduki ilipolala humo siku nzima, niliitoa, nikaipiga pigo moja, na chuma kikaachia. Nikachungulia ndani ya mti. Palikuwa laini kama bakuli la kaure, kila kona imekaa. Nikairudisha, nikaenda uwanja wa shabaha, na risasi zilikwenda zote pamoja, unaweza kuzifunika kwa kizibo cha soda. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini njia nzima ya kurudi niliendelea kugombana kichwani na yule fundi wa kaunta na yule shemeji wa thina.

Tulifuturu wawili. Shemeji yangu, ambaye hakuwahi kukosa futari ya dada yake, hakuwa amefika tangu siku ile. Nikaitandaza karatasi ya shabaha mezani, nikamwambia mke wangu atazame, tandala wa safari hii atachinjwa akiwa hai. Aliitazama vizuri, akaisogeza isipate mchuzi.

"Mnyama nilimwekea sharti," alisema. "Sikujua kama ndugu yangu naye atahitaji la kwake."

Nilikuja juu. Nikamwambia bunduki ile haikuwa na komeo, haikuwa na risasi, ilikuwa gogo tu lililogandamana na chuma, haingeweza kuua hata kuku. Nilieleza mpaka chai ikapoa.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukilifungia komeo. Mimi sikuwa naitazama bunduki, nilikuwa nakutazama wewe."

Basi bunduki ikabidi itoke nyumbani, niiuze. Sheria ya hapa haikuruhusu kumpa mtu bunduki mkononi. Lazima ipite kwa mwenye leseni ya kuuza. Aliyekuwa karibu alikuwa yuleyule fundi wa kaunta. Safari hii hakuniulizia bosi. Aliifungua, akamulika ndani ya mti kwa tochi, akauliza ni nani aliyefanya kazi hii safi. Nikamjibu ni shemeji yangu, fundi makabati. Akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikatamani nimzabe kofi. Wenzangu wa shamba walikwenda bila mimi baridi ile, na baridi iliyofuata, na sikutaka kuona picha zao.

Shemeji alirudi siku ya Idi. Tulipeana mkono, tukasameheana kama inavyotakiwa, na sasa anakuja kila Jumapili kula kwetu kama zamani. Anacheka, anasimulia wateja wake. Lakini nikipandisha sauti kidogo, hata kwa ajili ya mpira kwenye televisheni, hata nikiita chumvi, anaacha kutafuna na kuitazama mikono yangu. Mikono yenyewe haina kitu, ina tonge la wali. Nikiona hivyo hasira hunipanda, na sauti hupanda nayo, na yeye anazidi kuitazama mikono ile.