Metre ya Mama Ilipoisha

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya kitenge kipya, kile ambacho bado kina wanga wa dukani, hunirudisha Mulongwe, kwenye meza ya mama yangu. Nilikuwa na miaka tisa na kazi moja tu: kushika daftari ya vipimo. Mama alipima, mimi niliandika. Hata leo sijui kupokea kitu bila kukihesabu mara mbili. Wateja wangu hunung'unika, lakini walaumu sentimita, si mimi.

Mteja wetu wa mbali kuliko wote alikuwa Mama Feza, mdogo wake mama. Wakati wa vita alivuka kwenda Burundi, akakaa kambini miaka mingi, kisha wasimamizi wa wakimbizi wakampeleka Amerika. Kila mwaka kabla ya Noeli alipiga simu kutusomea vipimo vyake, nasi tukampa msafiri nguo ampelekee. Mwaka wa kwanza nyonga zilikuwa tisini na nane. Mwaka uliofuata, mia na saba. Nilimwambia arudie, akarudia, mia na saba. Kisha mia na kumi na tisa. Kisha mia na thelathini na sita.

Kwetu hizo zilikuwa habari njema. Mtu akikonda, majirani huulizana ni ugonjwa gani au ni mume gani. Akinona, Mungu amemkumbuka. Mama alizitangaza namba zile kama matokeo ya mtihani wa serikali.

"Mudogo wako huko iko anakula mbuzi muzima?" jirani yetu Mama Riziki alimchokoza.

"Anakula ya kwake," mama akajibu, pini zikiwa mdomoni. "Weye unahesabu mifupa ya nini?"

Na Mama Feza alikuwa akisema mengine pia, ila sisi tulisikiliza namba. Alisema anakata kuku kiwandani, amesimama sehemu moja tangu anaingia hadi anatoka, na akifika nyumbani hana nguvu ya kusonga ugali. Anapasha chakula cha kwenye boksi, anakula peke yake mbele ya televisheni. Sombe, yale majani ya muhogo, aliipata imeganda kama jiwe. Alisema huko watu hawatembei. Siku moja alikwenda dukani kwa miguu, gari la polisi likasimama kumuuliza kama amepotea. Tulicheka mpaka simu ikakatika.

Mwaka ule wa mia na thelathini na sita aliongeza jambo. "Dada, unishonee na moja ya tisini na nane. Nitaiingia tu."

"Acha mchezo!" mama akasema. "Watu waseme sijui kupima?"

Nilikuwa nimekwisha kuiandika. Mama akaniambia niifute, nikaifuta.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipokuja kutusalimia. Mama alimpima mwenyewe, mlangoni, mbele ya majirani. Metre, ule utepe wa kupimia, ikazunguka nyonga na kuisha kabla ncha zake hazijakutana. Metre ya fundi ni sentimita mia na hamsini, haina nyongeza. Majirani wakapiga vigelegele. Mama Feza alitazama ukuta.

Alikuwa amekuja kwa jambo moja: kumwona bibi, mama yao, aliyebaki milimani Lemera. Pikipiki hukuacha chini ya mlima. Kinachobaki ni njia ya miguu. Mama alikuwa amenisimulia jinsi Mama Feza, alipokuwa msichana, alivyoshuka na maharage hadi soko la Kiringye na kupanda na mihogo, kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, bila kupumzika popote.

Siku ile nilihesabu hatua. Mia mbili na kumi, akaketi. Tisini, akaketi. Ishirini na nne, nikahesabu tena moyoni, ishirini na nne, akaketi juu ya jiwe na hakuinuka. Vijana wakaleta tipoyi, ile machela ya mianzi inayobeba wagonjwa hadi hospitali.

"Mama anione niko nabebwa kama maiti?" akasema. "Hapana. Afazali nirudie."

Basi vijana wakapanda bila yeye, na tipoyi ikashuka na bibi. Mashambani watu waliacha majembe, wanawake wakaanza kulia, maana tipoyi ikishuka hubeba msiba. Bibi akawafokea kutoka juu ya mabega ya vijana: "Munalilia nani? Niko muzima! Naenda kuona mutoto wangu!"

Bibi alikuwa mkavu kama ukuni, na asubuhi ile alikuwa ametoka kulima. Akamshika Mama Feza mashavu, mabega, mikono, kama anayechagua ng'ombe sokoni. "Umenona, mwanangu. Mungu hakukuacha."

Mama Feza akalia. Sote tukasema ni furaha. Lakini mimi nilikuwa karibu na lile jiwe, nikamsikia: "Mama, nilitaka kunywa maji ya kwako, kule juu."

Alirudi Amerika. Ikaja sukari, kisha moyo. Miaka miwili baadaye aliyepiga simu alikuwa binti yake, anayeishi mji mwingine huko, na safari hii hapakutajwa vipimo. Bibi aliambiwa msiba akiwa shambani.

Mama hakulia siku hiyo. Aliniomba daftari. Namba niliyoifuta ilikuwa bado inasomeka, kalamu ilikuwa imechimba karatasi. Akakata kitenge, akashona ile ya tisini na nane.

Nimechelewa kuelewa, na msinicheke, mimi niliyeshika daftari. Kila Noeli Mama Feza alitusomea jinsi mlima, jembe na sahani ya pamoja vilivyokuwa vikimtoka kimoja kimoja, na sisi tukapiga vigelegele. Niliandika kila kitu sawasawa. Nilirudia mara mbili, na mara zote mbili sikusikia.

Nguo ile inaning'inia kwenye atelie yangu, chumba ninachoshonea. Wateja huishika, huuliza bei. Mimi ninayebishana hata kwa kifungo, hiyo sijui kuitajia bei. Nawaambia tu, "Iko na mwenyewe," nami naendelea kushona.