Mchezo Aliousahihisha Wembe

Kinyozi huyu watu walimwita Wembe, wala si kwa ajili ya kazi yake tu; ulimi wake nao ulikuwa unakata. Alinyolea katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, penye kiti kimoja cha kuzunguka na kioo chenye ufa, na nyuma ya pazia ndiko alikoishi na mkewe na binti yao wa pekee. Binti alikuwa karani wa ghala la vipuri. Jioni akitoka kazini husogeza mikasi pembeni, akatandika ubao wa sataranji, akamfunga baba yake mbele za wateja. Akimla malkia humwambia, "Mwenzio akinyolewa wewe tia maji, mzee wangu."

"Cheka tu," Wembe hujibu. "Siku nikikunyoa mimi utatafuta kofia."

Siku hiyo haikuwa ikija.

Kila mchezo ukiisha, binti aliuingiza kwenye kompyuta. Kushoto unaona ubao, kulia safu ya hatua zenye namba, za mweupe na za mweusi. Zilizochezwa kweli zilikaa kwa wino mzito. Palipokuwa na njia nyingine ambayo mchezaji angeweza kuifuata, njia hiyo iliwekwa ndani ya mabano, kwa herufi nyembamba za kijivu. Ukigusa hatua yoyote, kete zinakimbilia mahali pake.

"Kumbe haya ya mabano ni majuto," Wembe alisema.

"Si majuto, baba. Ni mambo tuliyoyaona tukayaacha."

"Mimi sikuyaona."

"Basi ni niliyoyaona mimi."

Kisha ugonjwa wa damu ukamshika binti, ukamkausha kama jani. Alasiri moja akaomba ubao aletewe kitandani. Walicheza polepole, maana kuinua kete tu kulimchosha. Katikati ya mchezo akamsogeza malkia wake mdomoni kabisa mwa askari wa baba. Wembe akamla, na hatua chache baadaye mfalme wa binti hakuwa na pa kwenda. Mzee alirukaruka kama mtoto. Akamtupia binti taulo la kunyolea kichwani, akisema, "Leo nimekunyoa, tena kavu kavu." Binti akacheka mpaka akakohoa.

Hawakucheza tena. Walimzika kabla mwezi mwingine haujaandama.

Wenye kovu usidhani wamepoa. Wateja walimwona Wembe akinyoa na kutania kama kawaida, lakini kila alipokung'uta taulo alijiona anavyorukaruka mbele ya mtoto anayekufa, akishangilia kumshinda. Aibu hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo katibu wa klabu ya sataranji alipokuja kukata nywele. "Mzee, tunaomba mchezo wake wa mwisho," alisema, shingo imeinama. "Tutauchapa, tuutundike ukutani chini ya picha yake."

Mkono wa Wembe ukasimama. "Nitawaletea," akasema.

Asubuhi iliyofuata mkewe alipokwenda dukani, Wembe alifungua kompyuta. Mchezo ulikuwepo, na kushindwa kwa binti kumeandikwa kwa wino mzito. Lakini pale malkia alipopotea palikuwa na mabano. Akayagusa. Farasi wa binti akaruka, akaruka tena, na mfalme wa baba akafungwa kwenye kona. Wembe alitazama mpaka macho yakamwuma. Mtoto alikuwa ameshinda; ni homa tu iliyompoteza. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Katika orodha ya amri palikuwa na maneno: pandisha tawi. Akabofya. Herufi za kijivu zikawa nzito, na zilizokuwa nzito zikaingia mabanoni. Binti akawa mshindi. Lakini kushindwa kwake bado kulionekana pale ndani ya mabano, kumekonda, kunangoja kidole cha mdadisi yeyote wa klabu. Chini yake palikuwa na amri nyingine: futa matawi. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo, akahifadhi, akahema.

Mkewe aliporudi, Wembe alimwita amwonyeshe. Mama akaweka kikapu chini, akasoma, akapitisha macho mara ya pili.

"Zile alizocheza ziko wapi?"

"Ndizo hizi. Ameshinda."

"Hizi hakucheza, mwenzangu. Hizi alinitajia pamoja na zile, usiku wa siku ile mliyocheza, nikaandika mimi kwa kuwa vidole vyake vilikataa. Alinitajia amefumba macho, zote, bila kutazama ubao." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nikamwuliza, kama uliiona njia, mbona hukuifuata? Akaniambia, mama, mwache baba naye apumue. Akaniapiza nisikwambie, eti utaona haya."

 Wembe akauliza, kwa sauti ya mtu anayepapasa gizani, "Alinipa?"

"Alikupa."

Wembe aliipeleka kompyuta kwa fundi wa simu jirani, ambaye aliipekua mashine na kutikisa kichwa. "Umehifadhi juu yake, mzee. Cha zamani hakipo." Akarudi, akatoa ubao wenyewe, akapanga kete akifuata kioo cha kompyuta, hatua kwa hatua, mpaka njia zilipoachana. Hapo mkono ukamkwama. Askari wake wawili walikuwa katika nafasi ya kumla malkia. Malkia alipelekwa kwa yupi? Na baada yake, nini? Alasiri ile hakuwa akitazama ubao. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Wewe uliandika," akamwambia mkewe. "Kumbuka basi."

"Nilikuwa naandika herufi na namba, mwenzangu. Mimi sijui hata farasi anavyokwenda."

Wembe alimpeleka malkia kwa askari wa kulia, akamrudisha. Akampeleka kwa wa kushoto, akamrudisha.

"Mpaka hapa ni mkono wake," akasema, kidole juu ya ubao. "Hapo mbele nimeweka wangu."

Mlangoni mtu alikohoa, akauliza kama kuna foleni. Mkewe akatoka, akamwambia kinyozi leo hanyoi.