Ndolo na Polishi ya Viatu

Shemeji yangu Ndolo anachonga mawe ya kujenga, na Jumapili anapiga gitaa kanisani kwetu Noonkopir. Miaka kumi na moja sasa. Ako na hiyo gitaa na ako na dada yangu, na sijui nani anaanza.

Baba yake kule Wamunyu alichonga vinyago. Kinyago kikiisha kilipakwa polishi nyeusi ya viatu, kikasuguliwa mpaka king'ae. Basi Ndolo alipoona ule ubao wa shingo ya gitaa, pale vidole hukanyaga nyuzi, umepauka, akafanya alivyolelewa. Polishi! Kila Jumamosi, mwaka mzima.

Vidole vikawa vyeusi, na akitoka kupiga anakamata ugali. Nimeona alama tano kwenye bonge moja. Nikasukuma sahani.

Halafu kwa harusi moja akampa bibi harusi mkono. Glavu nyeupe! Elsie, mwenyekiti wa kwaya, akamvuta kando.

"Ndolo, nikiona huo uchafu Jumapili, hupigi tena hapa. Mtu wa kinanda yuko."

"Si uchafu, mwenyekiti. Ni polishi."

"Ya kiatu! Unamwimbia Mungu na kiatu?"

Siku tatu hakula. Hiyo nayo ilikuwa nafuu kwa meza. Jumamosi dada yangu akamwita Obonyo, fundi wa gitaa. Obonyo akatoa nyuzi, akainama, akanusa.

"Mzee, hii ni gitaa ama ni sufuria ya githeri?"

Akalowesha kitambaa na tapentaini kidogo, akapangusa. Ikatoka lami. Kando ya vile vyuma vidogo vinavyokatiza ubao akachokoa na mswaki mzee: nywele, ngozi ya vidole, na mguu wa mende. Mguu mzima! Mate yalinijaa mdomoni, nikatema nje. Akasugua na waya laini akifuata mistari ya mti, akadondosha mafuta matone manne, akafuta yote.

Ubao ulikuwa wa kahawia, si mweusi.

"Umeutoa rangi," Ndolo akanung'unika.

"Ameutoa kinyaa, shemeji," nikajibu badala ya Obonyo.

Jumapili Elsie akapitisha leso nyeupe kwenye ubao, juu mpaka chini. Akaitazama. Akaitazama tena.

"Haya, panda jukwaani."

Ndolo alipiga mapambio matatu bila kupumzika, akilia, makamasi yakiteremka mpaka mdomoni, na hakuachilia nyuzi hata afute. Nikageukia dirisha.